Shika Hatamu, Kijana wa Nchi ya Chai

Wewe uliyeambiwa ni mdogo, simama.

Simama hapo ulipo, uwe Litein au Silibwet, Kapkatet au Sotik, Kapsoit au Longisa, unisikilize. Umeachwa nje ya timu ya voliboli kwa sababu ya kimo. Umepanga foleni siku ya kuandikisha makurutu, wakakupima urefu, wakakurudisha nyumbani kabla hujakimbia hata hatua moja. Shangazi anakuuliza kila Krismasi utakua lini. Watu wamekuonyesha mwili wako kana kwamba ni kosa ulilotenda, na wewe, polepole, umeanza kuwaamini.

Kwa nini unawaamini?

Nani aliwapa kazi ya kukupimia maisha?

Ipo kazi hapa duniani ambayo mwili huo ndio cheti chake cha kwanza. Upo uwanja ambapo wenye vifua vipana hubaki jukwaani wakipiga makofi, na mwenye kilo 52 ndiye anayeitwa mbele. Yupo mnyama wa karibu kilo 500, anayekimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na anachotaka mgongoni mwake ni mtu mwepesi, mwenye mapaja magumu, mikono mipole na moyo usiotikisika.

Kazi hiyo ni ujoki. Kupanda farasi wa mbio, kwa leseni, kwa malipo, mbele ya umati.

Najua umeguna. Guna umalize, kisha tuendelee, maana leo nitakunyang'anya visingizio vyako kimoja baada ya kingine.

"Kwetu hakuna farasi"

Hicho ndicho cha kwanza, sivyo? Kericho kuna chai. Bomet kuna chai, ng'ombe na punda. Farasi hakuna, kwa hiyo mazungumzo yameisha.

Hayajaisha.

Turudi mwaka 1964. Kenya ilikuwa haijawahi kupata medali hata moja ya Olimpiki. Hata moja! Hakukuwa na bingwa wa Olimpiki wa kuigwa, hakukuwa na picha ukutani, hakukuwa na mtu aliyekuwa akisema kwamba Wakalenjin wamezaliwa kukimbia. Wilson Kiprugut Chumo, mzaliwa wa Kericho, akaenda Tokyo, akakimbia mita 800, akarudi na shaba. Medali ya kwanza katika historia ya nchi hii. Miaka minne baadaye, Mexico City, akaongeza fedha katika mbio zizo hizo.

Leo ukisema unatoka Kericho, mgeni anakuuliza kama unakimbia. Wakati ule hakuna aliyeuliza. Jina tunalojivunia sote lilitengenezwa na mtu aliyetangulia bila kuona nyayo mbele yake.

Na milango ikifunguka mara moja, wengi hupita. Mercy Cherono wa Bomet alipita. Mwaka 2013, Moscow, alichukua fedha ya dunia katika mita 5,000.

Sasa nakuuliza wewe. Kijijini kwenu nani amewahi kuvaa hariri za joki? Kama jibu ni "hakuna," mbona unalitamka kwa huzuni? Hilo ni tangazo la nafasi iliyo wazi!

Farasi wako Nairobi, kando ya Barabara ya Ngong. Mashindano ya farasi yalianza kupangwa rasmi katika nchi hii mwaka 1904, na uwanja wa Ngong umekuwa makao yake tangu 1954, chini ya Jockey Club of Kenya. Msimu ukiwa umefunguliwa, Jumapili alasiri farasi huingia uwanjani, mmoja mmoja, shingo zikimetameta, na juu yao wamekaa watu wadogo waliovaa rangi kali. Watu wa kimo chako. Watu wa uzito wako.

Kutoka Kericho unapita Londiani na Mau Summit, unashuka Nakuru. Kutoka Bomet unapita Narok, unapanda Mai Mahiu. Ni safari ya matatu, ya siku moja. Umewahi kwenda Nairobi kwa harusi. Umewahi kwenda kwa mazishi. Umewahi kwenda kumsindikiza jamaa uwanja wa ndege, ukalia kidogo, ukarudi.

Lini utaenda kwa ajili yako?

Kama bado unang'ang'ania kwamba aliyezaliwa mbali na farasi hawezi, msikilize binti huyu. Khadijah Mellah alikulia kusini mwa London, baba yake akitoka Algeria na mama yake Kenya. Katika mitaa ile ya saruji farasi ni wachache kama walivyo Bomet. Mama yake aliona karatasi ya tangazo msikitini: klabu ndogo ya farasi huko Brixton inawafundisha watoto wa mtaa. Binti akaenda. Majira ya kuchipua ya mwaka 2019, akiwa na miaka 18, ndipo alipopanda farasi wa mbio kwa mara ya kwanza maishani. Tarehe 1 Agosti mwaka uo huo, akiwa na hijabu chini ya kofia yake ngumu, alishinda mbio za Magnolia Cup katika uwanja wa Goodwood.

Hesabu miezi mwenyewe. Kisha hesabu miezi uliyoimaliza wewe ukingoja "mambo yakae sawa."

"Ni mambo ya wazungu"

Haya, tukitoe na hiki.

Ni kweli kwamba mchezo huu uliletwa hapa na walowezi, na kwa miaka mingi jukwaa lilikuwa lao. Beryl Markham alikulia Njoro, upande wa pili wa msitu wa Mau ukitokea Kericho. Baba yake alifilisika, akaondoka kwenda Peru, akamwacha msichana huyo akiwa bado hajafikisha miaka 20. Hakukaa akilia. Akachukua leseni ya kufundisha farasi wa mbio, kazi ambayo wanaume waliiona kuwa yao peke yao, na farasi wake wakaanza kuwashinda wa kwao. Mwaka 1936 akaruka na ndege peke yake kuvuka Atlantiki kutoka mashariki kwenda magharibi.

Utasema rangi yake ilimfungulia milango. Ndiyo, ilimfungulia. Lakini nani alikuwa zizini pamoja naye? Kijana Mkalenjin aliyeitwa Kibii, rafiki yake wa utotoni, ambaye alipokuwa mtu mzima aliitwa arap Ruta. Alizijua tabia za farasi wale, aliwalisha, aliwasugua, aliwatuliza usiku. Mikono ya watu wetu imo katika mchezo huu tangu siku za mwanzo. Kilichokosekana ni ruhusa ya kupanda tandikoni na kubaki huko.

Ruhusa hiyo sasa ipo. Majina yaliyotangazwa Ngong miaka ya karibuni ni ya Wakenya wa kila aina: Patrick Mungai, James Muhindi, Lesley Sercombe. Umelisikia hilo la mwisho? Ni mwanamke, na alishindana na wanaume katika mbio zizo hizo. Dada yangu wa Mogogosiek, unayesoma hapa ukidhani naongea na kaka yako, naongea na wewe. Farasi hajui kama aliye mgongoni mwake ni mvulana au msichana. Anajua uzito, anajua mikono, anajua woga.

Na ukitazama mbali zaidi, utaona kwamba mtu mweusi hakuingia mchezo huu jana. Kentucky Derby ya kwanza kule Marekani, mwaka 1875, ilikuwa na majoki 15. Weusi walikuwa 13. Mshindi alikuwa Oliver Lewis, mweusi. Isaac Murphy, aliyezaliwa wakati wa utumwa, akaishinda mara tatu.

Halafu kuna Jimmy Winkfield. Huyu ndugu yangu nataka umshike vizuri kichwani. Mtoto mmoja kati ya 17, wa familia maskini ya mashambani Kentucky. Mwaka 1901 akashinda Derby. Mwaka 1902 akashinda tena. Ubaguzi ulipomfungia milango nyumbani, akavuka bahari kwenda Urusi, akawa bingwa huko. Mapinduzi yakaja. Mwaka 1919, huku vita vikiwaka nyuma yake, akasaidia kuwahamisha farasi zaidi ya 200 kutoka Odessa hadi Poland, wakitembea, wakilala kwenye baridi, wakikimbizwa na njaa. Kisha akaanza upya Ufaransa.

Mtu huyo alipoteza nchi mbili, na farasi hakuwaacha.

Wewe umepoteza nini? Bando?

Afrika nayo imeshajibu. S'manga Khumalo, mtoto wa KwaMashu, mtaa wa Waafrika nje ya Durban, alipelekwa katika chuo cha majoki cha Afrika Kusini akiwa kijana mdogo wa mwili. Durban July, mbio kubwa kuliko zote nchini humo, zilikuwa zikikimbiwa tangu 1897, na hakuna joki mweusi aliyewahi kuzishinda. Mwaka 2013, juu ya farasi Heavy Metal, Khumalo akazishinda. Msimu uliofuata akawa bingwa wa majoki wa nchi nzima, mweusi wa kwanza kufika hapo.

Zaidi ya miaka mia moja ya "haiwezekani," ikafutwa alasiri moja!

Mlango uko zizini

Sasa nisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokimbia.

Hutaanza juu ya farasi. Utaanza chini yake.

Utaanza na ufagio na koleo, saa kumi na moja alfajiri, ukitoa samadi na nyasi zilizolowa mkojo. Utabeba ndoo za maji. Utapima shayiri. Utamsugua farasi kwa brashi mpaka mkono uume, utanyanyua kwato nne na kuzichokonoa uchafu, utashika miguu yake kutafuta joto au uvimbe, maana mguu wa farasi ukiumia hakuna mbio. Hiyo ndiyo kazi ya saisi. Majoki wengi waliotamba duniani walianzia hapo.

Utafanya hivyo leo. Utafanya hivyo kesho. Utafanya hivyo mvua ikinyesha, na siku ambayo hakuna anayekutazama, na siku ambayo rafiki zako wameweka picha za sherehe kwenye simu.

Je, unalitaka hilo, au unaitaka picha tu?

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na katika kazi hii kuinama ni kuinama kwelikweli. Mtazame joki farasi akiwa anakwenda shoti. Hakukaa. Makalio hayagusi tandiko. Amesimama juu ya vikuku vifupi, magoti yamekunjwa, mgongo umelala sambamba na wa farasi, kichwa kimekaribia shingo ya mnyama. Mmarekani Tod Sloan alipoupeleka mkao huo Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, watu walimcheka. Akawa anashinda. Kicheko kikaisha, wote wakainama kama yeye. Mwaka 2009 watafiti walionyesha katika jarida la Science kwamba mkao huo ulipoenea, nyakati za mbio ziliboreka kwa asilimia 5 hadi 7.

Aliinama, akachekwa, akabadilisha mchezo wa dunia nzima.

Jaribu sasa hivi. Weka chini ulichoshika. Panua miguu kidogo, kunja magoti, laza mgongo, nyoosha mikono mbele kana kwamba umeshika hatamu. Kaa hivyo dakika mbili na nusu, muda ambao mbio za mita 2,400 huchukua. Kwenye sekunde ya 40 mapaja yataanza kuwaka. Kwenye dakika ya kwanza utatetemeka. Sasa fikiria kwamba chini yako kuna nusu tani ya misuli, kushoto kuna mwingine, kulia kuna mwingine, udongo unakurukia machoni, na lazima uamue katika nukta moja kama upenyo ulio mbele yako utakutosha.

Umeweza? Hapana?

Vizuri. Kesho tena. Na kesho kutwa. Mapaja hayajali ukoo wako wala baba yako ana vipando vingapi vya chai. Mapaja yanajali ulifanya nini jana.

Tayari unayo mali usiyoihesabu. Umekulia karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mapafu yako yamekomaa bila kuombwa. Umepanda na kushuka miteremko ya chai tangu shule ya chekechea. Kama ni wa Bomet, huenda umeshawahi kumwongoza punda mwenye mitungi ya maji au maziwa, ukajua jinsi mnyama anavyosimama ghafla akikataa, na jinsi ya kumshawishi bila fimbo. Kule Lamu vijana huwapanda punda mbio ufuoni kila mwaka kwenye tamasha lao, na mji mzima hutoka kuwashangilia. Hawakungoja farasi. Walimpanda waliyenaye.

Wewe unaye nani? Unafanya naye nini?

Jifunze kumsoma mnyama. Masikio yaliyolala nyuma yanasema hasira. Jicho linaloonyesha weupe linasema hofu. Mkia unaopigwapigwa unasema kero. Ng'ombe wa mama yako anaongea nawe kila asubuhi wakati wa kukamua, na wewe uko kwenye simu. Zima simu. Darasa lako la kwanza limesimama zizini mwenu likitafuna nyasi!

Mzani hauna shemeji

Wewe mtoto wa chai unaujua mzani. Umesimama kwenye kituo cha kununulia majani, ukamtazama karani akisoma kilo, na ukajua kwamba hakuna hadithi itakayobadilisha namba ile. Mvua ilinyesha? Namba ni ile ile. Mgongo uliuma? Namba ni ile ile.

Maisha ya joki ni hayo. Anapimwa kabla ya mbio akiwa na tandiko lake mkononi. Farasi amepangiwa uzito wa kubeba. Joki akipungua, vipande vya risasi huongezwa kwenye tandiko. Mbio zikiisha anapimwa tena. Uzito ukikosekana, ushindi hunyang'anywa, hata kama farasi alifika mbele kwa hatua kumi.

Hakuna kuomba. Hakuna kujuana. Hakuna "nitumie kitu kidogo." Katika nchi ambayo vijana wamechoka kuulizwa wanamjua nani, je, hupendi kazi ambayo bosi wake ni mzani na mstari wa kumalizia?

Majoki wengi wa mbio za tambarare duniani hukaa kati ya kilo 49 na 55 hivi. Kukaa hapo mwaka mzima ni kazi kamili. Lester Piggott wa Uingereza alikuwa mrefu kwa joki, na mwili wake ulitaka kuwa mzito kuliko kazi ilivyoruhusu. Akauongoza maisha yake yote. Mwaka 1954, akiwa na miaka 18, alishinda Derby ya Epsom. Alipostaafu alikuwa ameishinda mara tisa.

Lakini usinisikie vibaya. Kujinyima chakula mpaka uanguke ni ujinga, na siuhubiri. Mwili ulioishiwa maji hupoteza nguvu, na joki aliyeishiwa nguvu ni hatari kwake na kwa wenzake. Kula mboga zako, kula maharagwe yako, kunywa maziwa yako. Acha soda. Acha mandazi ya saa nne, saa sita na saa kumi. Lala mapema. Nidhamu ya kila siku ndiyo inayotakiwa, na nidhamu haiuzwi dukani.

Na kama mwili wako utaamua kurefuka ukifika miaka 19, je? Utakuwa umejifunza farasi. Farasi mmoja wa mbio hulisha watu wengi: mkufunzi, saisi, mpanda wa mazoezi ya asubuhi, fundi wa kwato, daktari wa mifugo. Aliyejua farasi hakosi mahali pa kusimama. Asiyejua chochote ndiye hukosa.

Utaanguka

Sitakudanganya. Utaanguka.

Katika mbio, gari la wagonjwa hukimbia nyuma ya farasi. Linakimbia huko kwa sababu linahitajika. Mifupa ya bega huvunjika. Mbavu huvunjika. Wapo waliopoteza maisha. Yeyote atakayekuuzia ndoto hii bila kukuambia hayo anakuibia.

Basi uache?

Michelle Payne wa Australia alikuwa mtoto wa mwisho kati ya kumi. Mama yake alikufa katika ajali ya barabarani yeye akiwa na miezi sita. Mwaka 2004 farasi alianguka naye, fuvu likavunjika, ubongo ukaumia. Familia ikamsihi aache. Akapona, akarudi. Akaanguka tena, akavunjika tena, akarudi tena. Novemba 2015 alipanda farasi aitwaye Prince of Penzance katika Melbourne Cup, farasi ambaye wenye kuweka dau walimpa nafasi moja dhidi ya mia. Mbio hizo zilikuwa zikikimbiwa kwa zaidi ya miaka 150 na hakuna mwanamke aliyewahi kuzishinda.

Alishinda.

Unajua kinachonichoma ninapoisoma habari ile? Hakuna siku hata moja, kati ya 2004 na 2015, ambayo mtu angemlaumu kwa kuacha. Alikuwa na kisingizio kilichopigwa picha hospitalini! Wewe unacho kisingizio cha aina gani? Kwamba ulimpigia mtu simu hakupokea? Kwamba uliomba mara moja ukakataliwa?

Omba mara ya pili.

Omba mara ya saba.

Aliyekukataa leo anaweza kukosa mtu wa kazi wiki ijayo, na atamkumbuka yule mdogo aliyekuwa langoni kila alfajiri.

Saa yako inakimbia

Sasa tuzungumze kuhusu muda, kwa sababu muda ndio unaoupoteza kama tajiri.

Mwezi Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho. Unaijua hasira iliyowasha moto ule, labda ilikuwa chumbani kwenu. Mikono iliyochuma kwa vizazi iliona chuma kikifanya kazi yao bila kuchoka wala kudai mshahara. Hasira ile ilikuwa na haki yake. Lakini moto ukishazimika, swali linabaki limesimama mlangoni kwako: kazi ya babu yako ikiisha, wewe umejifunza nini kingine?

Umejifunza nini mwaka huu?

Mwezi huu?

Jana?

Ujoki hauwasubiri watu. Vijana wengi huingia kazini wakiwa bado wepesi, katika miaka yao ya mwisho ya ujana. Mchezo wenyewe umewaachia mlango: joki mwanafunzi hupunguziwa uzito ambao farasi wake anapaswa kubeba, ili wakufunzi wavutiwe kumpa mgeni nafasi. Umesikia? Sheria zenyewe zinakusogezea kiti! Lakini kiti hicho ni cha wanaoanza, na hakuna anayeanza milele.

Chelewa chelewa, utapata mwana si wako.

Usiniambie utaanza Januari. Januari ina shughuli zake. Usiniambie utaanza bonasi ikiingia. Bonasi imeingia miaka mingapi na hujaanza? Usiniambie unamngoja mjomba aliyeko Nairobi. Mjomba ana watoto wake.

Kama uko shuleni, maliza mtihani wako, maana joki lazima asome mkataba, ahesabu uzito, azungumze na mwenye farasi bila kutetemeka. Lakini kumaliza shule hakukuzuii kukimbia alfajiri. Hakukuzuii kuchuchumaa jioni mpaka mapaja yakubali. Hakukuzuii kumwongoza punda kwa upole. Hakukuzuii kusoma kila unachokipata juu ya farasi, anakula nini, anaumwa nini, anaogopa nini.

Kama umeshamaliza shule na umekaa kwenye ukingo wa barabara ukitazama malori ya majani yakipita, huna hata hicho cha kusubiri. Tafuta nauli. Uza kuku. Palilia kwa jirani. Mchumia juani hulia kivulini, na jua limeshatoka! Fika Ngong siku ya mbio, utazame kwa macho yako. Lala kwa jamaa, rudi asubuhi wakati wa mazoezi, simama langoni ukiwa safi, vua kofia, sema neno moja: "Natafuta kazi ya zizi." Usianze kwa kuuliza mshahara. Usianze kwa kusema unataka kuwa bingwa. Omba ufagio. Ukipewa, fagia kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kufagia pale. Ukinyimwa, nenda zizi linalofuata, kisha linalofuata.

Siku moja mpanda wa mazoezi atachelewa, mkufunzi atageuka, atamtafuta mtu mwepesi ambaye farasi wanamwamini.

Utakuwapo, au utakuwa Kapsoit ukisimulia jinsi Nairobi kulivyo na upendeleo?

Na ninyi wazazi, mkimwona mtoto wenu mdogo wa mwili akichuchumaa nyuma ya nyumba na kushika hatamu hewani, msimcheke. Mwulizeni ameweza dakika ngapi. Mwambieni aongeze moja.

Nguvu unayo. Mapafu unayo. Kimo kile walichokucheka nacho unacho bado, na ndicho utakacholipwa nacho. Kimebaki kitu kimoja ambacho hakuna mtu anayeweza kukufanyia, wala mimi, wala chifu, wala gavana, wala Mungu uliyemwomba jana usiku ambaye tayari amekupa miguu.

Hatua ya kwanza.

Alfajiri ya kesho, kabla majirani hawajashika vikapu vyao kwenda kuchuma, toka nje ukimbie. Rudi uchuchumae mpaka uwake. Andika kwenye daftari: dakika ngapi, kilo ngapi, nauli imefika shilingi ngapi. Keshokutwa andika tena. Namba zikipanda, songa mbele. Zikikwama, ongeza bidii. Usimwonyeshe mtu daftari hilo mpaka nauli itimie, na nauli ikitimia, panda gari siku iyo hiyo.

Kiprugut hakungoja Mkenya mwingine amtangulie kwenda kuleta medali. Khumalo hakungoja mweusi mwingine ashinde kwanza. Payne hakungoja mwanamke mwingine.

Na wewe usingoje mtu wa Kericho. Usingoje mtu wa Bomet.

Wewe ndiye.

Kimbia!